Farumi Katika Suti Kavu: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuongeza Risasi

Mzamiaji aliyejifunzia Mnemba au Mafia, kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 29, amezoea suti ya neoprini ya milimita 3 na kilo 4 za risasi kiunoni. Mpeleke Scapa Flow, kule Orkney kaskazini mwa Uskoti, akaone mabaki ya manowari za Kijerumani zilizozamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 21 Juni 1919, na risasi zitapanda hadi kilo 10, 12, wakati mwingine 14. Chumvi ya bahari hizo mbili haitofautiani sana. Kilichobadilika ni hewa. Suti kavu, yaani ile isiyoruhusu maji kuingia, pamoja na vazi la joto la ndani hubeba lita nyingi za hewa, na hewa hiyo ndiyo inayomkinga na baridi. Kazi ya farumi, yaani risasi na uzito mwingine unaobebwa ili kuzama, ni kuishusha hewa hiyo, lakini hewa yenyewe haitulii mahali pamoja: inahama kila unapoinama, inajibana ukishuka na kutanuka ukipanda.

Ndiyo maana karibu kila shida ya suti kavu hufanana na upungufu wa risasi, na karibu kila mtu huitibu kwa kuongeza kilo mbili. Mara nyingi tiba hiyo huzidisha ugonjwa. Lita moja ya maji ina uzito wa takriban kilo moja, kwa hiyo kila kilo usiyoihitaji inadai lita moja ya hewa ya kuibeba. Chukua kilo 4 za ziada ukiwa mita 10, ambako shinikizo ni bar 2. Umelazimika kubeba lita 4 za hewa usizozihitaji. Ukipanda hadi mita 5 zimekuwa lita 5.3, ukifika juu ni lita 8. Hewa hiyo yote unapaswa kuitoa kwa wakati, mikono ikiwa na glovu nene na vidole vimekufa ganzi.

Pima kwanza, tena mwisho wa mbizi

Kabla ya kutafuta chanzo cha dalili yoyote, ujue uzito wako halisi. Kipimo cha juu ya maji mwanzoni mwa mbizi hudanganya kwa sababu mtungi umejaa. Hewa ina uzito wa gramu 1.2 hivi kwa lita. Mtungi wa chuma wa lita 12 ukishuka kutoka bar 230 hadi bar 50 umetumia lita 2,160 za hewa, yaani kilo 2.6. Uliyekaa sawasawa mwanzoni utakuwa mwepesi kwa kilo 2.6 mwishoni, pale hasa unapotakiwa kusimama kwenye kituo, yaani kutulia kwenye mita 5 hivi kabla ya kutoka majini.

Pima hivi. Maliza mbizi ya kawaida na ubaki na bar 50. Kaa mita 3 kando ya kamba au ukuta, mwenzako akiwa karibu na vipande vya risasi vya nusu kilo na kilo moja kwenye mfuko. Toa hewa yote kwenye bawa, yaani ule mfuko wa hewa wa mgongoni. Acha ndani ya suti hewa ya kutosha tu ili isikubane na usitetemeke. Usiitoe hewa ya suti hadi vazi la joto ligandane na ngozi, maana hapo utakuwa umepima suti ambayo huwezi kuivaa nusu saa. Fungua valvu ya kutolea hewa yote. Sasa tulia: miguu isipige, mikono isipapase. Ukivuta pumzi ya kawaida unapanda kidogo, ukiitoa unashuka kidogo? Umefika. Unashuka hata mapafu yakiwa yamejaa? Mpe mwenzako kilo moja, rudia. Unalazimika kupiga mapezi ili usielekee juu? Pokea kilo moja, rudia.

Andika matokeo yote, si namba ya kilo peke yake. Mfano wa maandishi yenye maana ni huu: *bahari, nyuzi 9, suti ya trilaminati (kitambaa chembamba cha tabaka tatu), vazi la gramu 400, chuma lita 12, bar 50, mita 3: bamba la chuma la mgongoni linaloshika mtungi 3, mkanda 4, mifuko ya pembeni 2+2.* Kimoja kikibadilika, una pa kuanzia.

Hushuki kabisa mwanzoni

Usiguse risasi bado. Anza na hewa iliyonasa wakati wa kuvaa. Kabla ya kuingia majini chuchumaa ukikumbatia magoti, ingiza vidole viwili chini ya mpira wa shingo, uache suti ipumue hadi uhisi kitambaa kinashika mwili. Hewa inayotoka hapo peke yake inaweza kuwa lita kadhaa.

Ukiwa majini, tazama valvu ya kutolea hewa. Katika suti nyingi iko juu ya mkono wa kushoto na hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume cha mshale wa saa. Watu huifunga nchi kavu wakiijaribu, kisha husahau. Hata ikiwa wazi haitoi kitu kama haiko juu kuliko sehemu nyingine zote za suti: simama wima, inua kiwiko cha kushoto, shusha mkono wenyewe. Ukiinua mkono mzima kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali, hewa itakimbilia kifundo cha mkono na kukaa huko, valvu ikiwa chini yake.

Kuna chanzo kimoja kinachopuuzwa sana. Mapovu yanaanza vizuri, yanakatika ghafla, na bega bado limevimba. Hapo vazi la joto limeifunika valvu kwa ndani. Kitambaa kinene kimevutwa na mkondo wa hewa hadi kikaziba tundu kama kizibo. Sukasuka mkono, bonyeza kitambaa mbali na valvu, jaribu tena. Ukifika nyumbani igeuze suti na uitazame valvu kwa ndani. Nyuzi za sufu zilizonasa kwenye matundu yake huonekana wazi, na uzi mmoja uliokaa kwenye kingo za mpira unatosha kuingiza maji pia. Zichambue kwa kibano, osha valvu kwa maji safi yasiyo na chumvi.

Halafu pumzi. Maji ya nyuzi 4 yakikugusa uso, kifua hujaa chenyewe na hakitaki kushuka. Mapafu yaliyojaa yakilinganishwa na yaliyotulia ni tofauti ya lita moja au mbili, sawa na kilo moja au mbili za kuelea. Ngoja dakika moja, uso ukiwa majini, mpaka pumzi itulie. Tazama miguu pia: wengi hupiga mapezi bila kujua huku wakilalamika kuwa hawazami.

Hayo yote yakiwa sawa na bado unaelea, ongeza kilo moja. Upungufu wa kweli mwanzoni mwa mbizi ni mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu mtungi bado umejaa. Kama huzami na kilo 2.6 za hewa mgongoni, mwishoni utapungukiwa zaidi.

Ulishuka vizuri, lakini kituo cha mita 5 kinakushinda

Hii ni dalili ya mtu aliyejipima mtungi ukiwa umejaa. Ongeza uzito wa hewa utakayotumia: kwa mtungi wa lita 12, kilo 2.6, kwa mitungi miwili ya lita 12 iliyoungana, maradufu. Mtungi wa alumini una hila yake. Ule wa lita 11.1 unaozama ukiwa umejaa, ukikaribia kuisha huvuta juu kwa kilo 1.5 hivi hadi karibu 2. Aliyebadilisha mtungi wa chuma kwa wa alumini na kubaki na mkanda uleule amejipunguzia farumi bila kujua.

Lakini kama kipimo chako cha bar 50 kilikuwa sahihi na bado unanyanyuka, chanzo ni hewa iliyokaa mahali isipotoka. Unapanda umelala kifudifudi, hewa imetandaa mgongoni na miguuni, valvu ya begani haiko juu. Anza kujiinua kidogo tangu mita 8, kiwiko cha kushoto kikiwa juu, utoe hewa ya suti kabla haijawa nyingi. Kwenye bawa, hewa hunasa kwenye ncha ya chini upande mmoja. Vuta kamba ya valvu ya nyuma huku nyonga ya upande huo ikiwa imeinuliwa.

Miguu inapanda

Hii ndiyo dalili inayotisha kuliko zote, na wenye maduka huiuzia risasi za vifundoni upesi mno. Tafuta kwa utaratibu huu.

Kwanza risasi za ziada, ajabu ilivyo. Mzito kupita kiasi hujaza hewa nyingi suti ili abaki juu ya matope, na hewa nyingi ikipata mwanya hukimbilia miguuni mara tu kichwa kinapoinama. Punguza kilo, na tatizo la miguu mara nyingi huondoka lenyewe. Pili, buti pana. Kama unaweza kukunja vidole vya miguu na kuhisi nafasi tupu mbele yake, una chupa mbili za hewa miguuni. Soksi nene zaidi au buti za nambari ndogo ndiyo dawa. Tatu, mapezi. Ya plastiki mengi huelea. Yatie kwenye ndoo ya maji uone. Mapezi mazito ya mpira, kama Jet Fin ya Scubapro, huzama na hushusha miguu bila kitu kingine. Nne, sehemu ya suti kwenye mashavu ya miguu ikiwa pana, ifunge kwa vibano vya kitambaa vinavyovaliwa juu yake, hewa ikose pa kukaa.

Risasi za vifundoni, nusu kilo kila mguu, zije mwisho. Zinafanya kazi, lakini unazirusha mbele na nyuma kwa kila pigo la pezi kwa dakika 40, na mapaja hulipa. Tena zikizidi hushusha visigino hadi mapezi yachimbe matope, na anayekufuata nyuma haoni kitu.

Miguu ikikushinda na ukageuka kichwa chini, usitegemee kupiga mapezi tu, maana hewa itabaki miguuni. Kunja magoti hadi kifuani, jikunje kama mpira, jirushe kwa kubingirika mpaka kichwa kiwe juu, kisha nyoosha mwili, inua kiwiko cha kushoto na toa hewa. Zoezi hili lifanyiwe bwawani, na mwalimu wa suti kavu, kabla ya kulihitaji baharini.

Miguu inashuka, umesimama majini kama nguzo

Hapa kilo zinaweza kuwa sahihi kabisa ila zimekaa chini mno. Jipime mlalo: tulia kifudifudi, magoti yamekunjwa, mikono mbele, usipige kitu kwa nusu dakika. Mwili utageuka wenyewe kuelekea upande mzito.

Dawa ni kusogeza, na umbali una nguvu sawa na uzito. Kilo moja iliyosogezwa sentimita 30 kuelekea kichwani inafanya kazi ya kilo mbili zilizosogezwa sentimita 15. Toa kilo mbili kiunoni uzitie kwenye vifuko vidogo vya mkanda wa juu wa mtungi, kimoja kila upande. Au inua mtungi wenyewe ndani ya mikanda yake, sentimita 2 au 3 kwa safari moja, usije ukagonga kisogo kila unapoinua uso. Mtungi wa chuma ni mzito kuliko kipande chochote cha risasi ulicho nacho. Kuusogeza kidogo kunabadilisha mengi. Kama ulikuwa na risasi za vifundoni, zivue kwanza.

Unapinduka upande, au chali

Kuegemea upande mmoja mara nyingi ni hesabu tu. Betri ya taa ya nyonga ya kulia inazama kwa kilo moja, mfuko wa paja una spuli na boya, na risasi zimegawanywa sawasawa kana kwamba hivyo vyote havina uzito. Ihesabu betri kama risasi na upunguze upande huo. Hakikisha pia mtungi haujalala kombo ndani ya mkanda wake.

Kupinduka chali kunawapata wenye mtungi mmoja wa chuma, bamba la chuma, na risasi za ziada zilizofungwa kati ya bamba na mtungi. Uzito wote uko mgongoni, hewa yote kifuani. Hamishia kilo 3 au 4 kwenye mkanda wa kiuno na uzisogeze kuelekea mbele, pande mbili za kitovu.

Unabanwa na suti, unatetemeka, ingawa kilo zako ni chache

Kuna wanaojisifu kwa kilo chache. Suti yao imegandana na mwili, mikunjo imeacha alama nyekundu kwenye ngozi, na vazi la joto limeshindiliwa hadi halina hewa. Halipashi kitu, kwa sababu joto linatunzwa na hewa iliyo kati ya nyuzi, si na nyuzi zenyewe. Huyu anahitaji kilo moja au mbili zaidi ili aruhusiwe kuvaa hewa anayoistahili. Baridi hii ni hatari sawa na uzito uliozidi, na tunaisema kwa uzito uleule.

Angalia pia kama vazi limelowa. Maji yaliyoingia yamechukua nafasi ya hewa, hivyo unazama zaidi na kupoa zaidi kwa pamoja. Dalili hiyo ikianza katikati ya mbizi, maliza mbizi.

Jana bwawani ilikuwa sawa, leo baharini hapana

Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi yasiyo na chumvi kwa asilimia 2.5 hivi. Mzamiaji mwenye jumla ya kilo 120, mwili na vifaa vyote, anahitaji kama kilo 3 zaidi baharini. Waingereza wanaofanya mazoezi Stoney Cove, machimbo ya zamani ya mawe huko Leicestershire yaliyojaa maji yasiyo na chumvi, huongeza kiasi hicho wakienda Scapa. Anayekwenda kinyume, kutoka baharini hadi ufa wa Silfra huko Iceland wenye maji ya nyuzi 2 hadi 4, anaziondoa. Bahari ya Baltiki huwadanganya wengi kwa jina lake: sehemu kubwa ya maji yake ya juu ina gramu 6 hadi 8 tu za chumvi kwa kilo, wakati bahari kuu ina 35. Jipime huko kama uko ziwani.

Kwenye fyodi za Norwei, yaani ghuba ndefu nyembamba kati ya milima, theluji inapoyeyuka, maji ya mito hutanda juu ya maji ya chumvi. Unashuka kama jiwe mita chache za kwanza, kisha unafika mahali maji yanatetema machoni kama joto juu ya lami, na ghafla huzami tena. Hakuna kilichoharibika. Jipime chini ya tabaka hilo, uwe mwangalifu ukipanda.

Valvu ya kujazia inaganda

Valvu hii huingiza hewa ya mtungi ndani ya suti kupitia mpira. Hewa ikitoka kwenye shinikizo kubwa hupoa, na kwenye maji ya nyuzi 3 unyevu uliomo unaweza kuganda na kuiacha valvu wazi. Mwenye risasi nyingi hubonyeza kwa muda mrefu ili ajinasue, na hapo ndipo inapomshika. Bonyeza kwa vipindi vifupi, nusu sekunde nusu sekunde. Ikikwama, chomoa mpira wake mara moja kwa mkono mmoja huku mwingine ukitoa hewa. Jaribu kuuchomoa na glovu zako nene ukiwa nchi kavu. Viungio vingine vina pete ndogo isiyoshikika.

Mkanda unateleza, kiuno kinauma, mfuko umeanguka

Kilo 12 kwenye mkanda mmoja wa nailoni zitakaa juu ya figo na kuvuta mgongo mchana kutwa. Tena suti ikijibana kina kikiongezeka, mkanda uliokaza juu unalegea chini. Mkanda wa mpira hujikaza wenyewe. Wa nailoni ukaze tena ukifika mita 6. Afadhali zaidi gawanya: bamba la chuma, kilo 4 kiunoni, zilizobaki kwenye mifuko ya pembeni au mikanda ya mabegani. Bizimu ifunguke kwa mkono wa kulia, na mkanda wa mapajani upite chini ya mkanda wa risasi. Ukipita juu yake, risasi hazitaanguka siku unayozihitaji zianguke.

Usiweke kila kilo mahali pa kuangushwa. Kilo 12 zikitoka kwa mpigo ukiwa mita 20, hakuna valvu itakayokuzuia. Ziwepo za kutosha kukuelesha juu ya maji, nyingine zifungwe imara.

Vifungo vya mifuko ya pembeni vina kilio kinachosikika vikishika, ila glovu za milimita 5 zinameza sauti na hisia. Mwenzako avute kila mfuko kwa nguvu kabla ya kuruka. Mchanga kwenye kitambaa cha kunata, au barafu iliyoganda juu yake baada ya kukisuuza asubuhi ya baridi, humfanya mtu aamini kimeshika wakati kimegusana tu.

Mfuko ukianguka chini ya maji, toa hewa yote kwenye suti na bawa papo hapo, kiwiko juu, mwili umetandazwa uzuie kasi. Shika kamba, mwamba, au mwenzako. Kama uko karibu na sakafu na mfuko hauonekani, jaza mawe kwenye mfuko wa paja, moja moja, mpaka utulie, kisha mpande pamoja taratibu kwenye kamba.